Mapazia Matano ya Mjomba

Tarehe 2 Machi

Dada amesema kila anayefanya kazi na kompyuta lazima aandike kila siku alichofanya, ili akiharibu ijulikane ameharibu wapi. Nikamwambia mimi siharibu. Akasema, "Basi andika namna usivyoharibu." Nimeanza.

Huyu Dada ni mtoto wa Mjomba, kwa hiyo kwa hesabu za damu ni binamu yangu, lakini amenizidi miaka sita na makofi kadhaa, ndiyo maana namwita Dada. Anasomea kompyuta chuoni, mji mwingine. Mjomba ni mpiga picha, na studio yake ina umri mkubwa kuliko mimi. Mimi ni mimi. Shule tuliachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake, na mtaa mzima unaniita Profesa. Wengine kwa heshima, wengine kwa kijicho.

Kazi yenyewe ni hii. Safu yote ya maduka haya itabomolewa mwisho wa Mei. Mjomba ana makabati yaliyojaa negativu, vile vipande vya filamu ambavyo meno huonekana meusi na nywele nyeupe, na unyevu umeanza kuvila. Dada ameazima skana chuoni mpaka mvua ziishe. Kipande kitakachopita kwenye skana kimepona. Kisichopita kitazikwa na kifusi.

Mvua bado. Mawingu tu yanajitangaza.

Tarehe 3 Machi

Mwenye akili zake hupanga picha kwa majina ya watu, au kwa miaka. Mjomba amepanga kwa mapazia.

Studio ina mapazia matano makubwa yaliyochorwa kwa mkono, mtu anasimama mbele yake na kupigwa picha. Kuna Ndege, yenye ngazi ambayo ni ngazi ya kweli ya mbao. Kuna Maporomoko, kuna Bustani, kuna Jiji la maghorofa yenye taa, na Maktaba, ukuta mzima wa vitabu ambavyo havina hata herufi moja mgongoni. Kila pazia lina kabati lake, na jina la pazia limebandikwa mlangoni. Ndani ni bahasha. Juu ya bahasha namba, kabati na pazia, kwa penseli. Jina la mtu hakuna. Mwaka hakuna.

"Mjomba, hata mwaka?"

"Mwaka hujiandika wenyewe usoni."

"Na majina?"

"Majina watu hubadilisha. Wanaolewa, wanagombana na baba zao. Pazia halibadiliki. Nitajie pazia la mtu, nitakupa sura yake."

Nikamjaribu. Nikamtaja muuza mkaa wa kona, pazia la Ndege.

"Alitanguliza mguu wa kushoto kwenye ngazi, nikamrudisha chini. Nikamwambia, rubani akikuona hivyo atakuacha."

Mwalimu mkuu mstaafu, Maktaba.

"Yule alijaribu kuchomoa kitabu."

Nimecheka mpaka nikakohoa. Halafu nikafungua sanduku la nguo za wateja: koti moja, tai moja, pea moja ya viatu. Yaani wanaume wote wa mtaa huu, miaka nenda rudi, walipigwa picha ndani ya koti lilelile. Koti ndilo lililopigwa picha. Vichwa vilikuwa vinapokezana tu.

Tarehe 4 Machi

Mvua. Paa linavuja sehemu tatu, mabeseni yapo mawili.

Tarehe 6 Machi

Leo nimeonyesha kwa nini naitwa Profesa.

Dada alikwisha kuingiza lebo zote za bahasha kwenye kanzidata wakati wa likizo yake. Kanzidata ni kama daftari ndani ya kompyuta, kila bahasha na mstari wake. Alikuwa ananakili mbiombio, anasema, kama mtu anayekimbizwa na mbwa: palipoandikwa kitu aliandika, palipoachwa wazi aliacha wazi. Sasa inabidi tujue kila pazia lina bahasha ngapi, ili pazia kubwa lipewe wiki nyingi za skana na dogo lipewe chache.

Nikaanza kuhesabu kwa kidole kwenye skrini. Dada akapiga simu.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Kwa kidole?"

"Kwa macho."

"Usiisome mistari, wewe! Iulize kompyuta. Iambie igawe kwa makundi, ihesabu kila kundi. Ngoja nitakuelekeza jioni jinsi ya..."

Jioni mbali. Nikaandika mwenyewe ulizo, yaani swali la kuiuliza kompyuta, kwa mifano aliyoniachia. Kwa lugha ya watu linasema: gawa kwa pazia, hesabu pazia. Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, jibu hili hapa:

Ndege 1,140
Maporomoko 803
Bustani 655
Jiji 488
Maktaba 210

Juu yake palikuwa na mstari mwingine usio na jina lolote, na mbele yake sifuri. Kompyuta nayo hupiga mwayo. Nikaufuta, nikanakili mingine kwenye kadibodi kwa herufi kubwa na kuitundika ukutani. Mjomba akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu.

"Kumbe watu walipenda kusafiri," akasema.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda ndege, ukimtoa yule aliyekwenda kutibiwa.

Mchana akaingia Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili. Ana mita ya kupimia shingoni tangu nizaliwe, nadhani hulala nayo. Maduka yakibomolewa anahamia kwa mwanawe, mbali, na hatarudi. Akasimama mbele ya kadibodi yangu, halafu akamgeukia Mjomba.

"Kaka, kabla sijaondoka, nitafutie mama yangu."

Mama yake alifariki yeye akiwa hajang'oa meno ya utoto. Picha alipigwa moja tu maishani mwake, na aliyempiga ni Mjomba, enzi hizo kijana ndio kwanza anaanza kazi. Nakala yao ilienda na maji nyumba ilipoingiwa na mafuriko.

"Sauti yake naikumbuka kidogo," akasema Mama Cherehani. "Sura siijui. Mtu mzima mimi, na nikifumba macho kutafuta sura ya mama naona sura ya shangazi."

"Nilimpiga mimi," Mjomba akasema papo hapo. "Alikuwa anacheka. Nilimwambia atulie, ndio kwanza akazidi."

"Pazia gani?" nikauliza, vidole tayari kwenye kompyuta.

Mjomba akayaangalia makabati moja baada ya jingine.

"Litakuja," akasema.

"Mama, usihangaike," nikamwambia Mama Cherehani. "Umempata Profesa. Nipe wiki mbili tu utamwona."

"Mdomo huo," akasema, "ungekuwa kitambaa ningeshona nguo za mtaa mzima."

Tarehe 7 Machi

Skana inafanya kazi polepole kama karani baada ya chakula cha mchana. Nimeanza na Ndege.

Tarehe 15 Machi

Ndege. Mvua. Ndege.

Tarehe 19 Machi

Mama Cherehani huja kila jioni akishafunga duka. Anavuta kigoda, nampitishia kwenye skrini picha za wanawake za siku hiyo, na Mjomba anasimama nyuma yetu. Nilidhani ataangalia dakika tano aondoke. Thubutu!

"Rudisha, rudisha! Huyu si mama yake muuza magazeti? Tazama shingo! Shingo hiyo wanaume walikuwa wanagonga ukuta kwa kuitazama."

"Ndege," Mjomba anasema. "Alikuja na kuku mkononi, akakataa kumwacha nje. Kuku yumo, angalia chini ya ngazi."

Kweli, mkia unaonekana.

"Na hili gauni nimelishona mimi! La kwanza kabisa. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, ndiyo maana ameukunja. Mwenyezi amlaze pema, hakunisema kwa mtu."

Wanacheka, halafu wananyamaza pamoja, kama watu waliofika mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Mimi nasubiri na kidole juu ya kitufe. Mwanzoni nilikuwa nawaharakisha.

Tarehe 22 Machi

Nimejikuta mwenyewe. Nina kama miaka mitatu, niko juu ya ngazi ya ndege, nalia kwa mdomo wote. Mkono wa mtu unaonekana pembeni umenishika mgongo nisianguke.

"Mkono wa nani?"

"Mama yako," Mjomba akasema. "Ulidhani ndege inaondoka kweli, yeye anabaki."

Nimesema hiyo picha haina ubora. Halafu nimeipitisha kwenye skana mara mbili.

Tarehe 29 Machi

Ndege imekwisha. Mama yake Mama Cherehani hayumo. Wiki mbili nilizoahidi zimepita, naye hakusema kitu. Afadhali angesema.

Tarehe 13 Aprili

Maporomoko yamekwisha. Hayumo.

Nilimbana Mjomba leo. "Kumbuka basi. Alisimama? Alikaa?"

"Alikaa."

"Kwenye kiti gani? Kile cha Bustani?"

"Kiti kifupi. Jua lilikuwa linamwingia machoni."

"Jua la wapi, Mjomba? Humu ndani?"

Akaangalia ile taa kubwa ya studio, akaangalia mikono yake. "Kweli," akasema. "Jua la wapi."

Tarehe 14 Aprili

Beseni la tatu limepatikana. Tundu la nne pia.

Tarehe 21 Aprili

Bustani. Jioni nilimwonyesha Mjomba picha ya mwanamke aliyevaa gauni lenye maua. Mama Cherehani alikuwa ameketi pale na sindano mdomoni.

"Huyu nani, Mjomba?"

"Sijui."

"Pazia hili hapa, Bustani."

"Naliona pazia. Mtu simjui." Akavua miwani. "Dada yangu," akamwambia Mama Cherehani, "labda mama yako sikumpiga mimi. Labda nilisikia watu wanasimulia, nikadhani ni mimi."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Nakumbuka jua ndani ya nyumba. Hiyo ni kumbukumbu ya mtu mzima?"

Akaenda kulala kabla ya saa moja. Nimezoea kumtania Mjomba kwamba kichwa chake ni kabati lenye kutu. Leo utani huo sikuutoa.

Tarehe 24 Aprili

Mjomba ana mafua, hatoki chumbani. Nikimtajia pazia na mtu, anageukia ukutani.

Tarehe 28 Aprili

Seremala wa nyuma amekuja kuuliza kama kuna mbao tunazoacha. Ndani kabisa, kwenye chumba cha giza Mjomba alikokuwa anasafishia filamu, kuna kabati la sita. Mlangoni hakuna jina la pazia. Droo zimevimba kwa unyevu. Nilivuta moja, mshikio ukabaki mkononi mwangu kama jino.

Nikaenda kumuuliza Mjomba, kwa sababu adabu ninayo, ila huwa siitembezi.

"Lile la chumba cha giza?" akasema kutoka ndani ya blanketi. "Lina... si lina..."

"Mjomba, kabati halina jina. Na kundi lisilo na jina, kompyuta ilisema sifuri. Niliona kwa macho yangu, nikafuta."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mimi nilidhani," akaanza.

"Ulidhani nini?"

"Basi. Kama imesema sifuri."

Tukalibeba mimi na seremala.

"Tupu gani hii?" analalamika. "Hili limekula mawe!"

"Mbao imelewa maji, fundi. Ulizoea kubeba vitanda vya watoto."

Limewekwa chini ya kibanda chake. Amesema hawezi kulipasua likiwa bichi hivyo. Atasubiri likauke kwanza.

Tarehe 5 Mei

Jiji limekwisha. Hayumo.

Tarehe 9 Mei

Maktaba imekwisha, na mapazia yote matano yamekwisha kabla ya muda, kazi ambayo Dada alisema haimaliziki. Ningekuwa mtu mwingine ningejipigia makofi.

Mama Cherehani aliangalia picha ya mwisho, ya polisi mmoja ameshika kidevu mbele ya vitabu. Akasubiri. Nikamwambia hiyo ndiyo ya mwisho. Akakunja ile mita yake, akaiweka mfukoni. Shingo yake ikabaki wazi, na sikujua niangalie wapi.

"Ahsante, baba," akaniambia. "Umejitahidi."

Hajawahi kunisemesha kwa upole namna hiyo. Ni kama nimefiwa mimi.

Tarehe 10 Mei

Naandika kirefu, mkono unanuka maji ya kuvu.

Asubuhi nilitaka kumwandikia Dada taarifa ya mwisho, yenye sifa zangu. Nikaona taarifa nzuri huwa na jumla. Nikaiuliza kompyuta swali jepesi: bahasha zote, bila kugawa, ni ngapi? Ikajibu 3,908. Nikajumlisha mapazia ya kwenye kadibodi. 3,296. Nikajumlisha tena, nikajumlisha kwa karatasi, nikajumlisha kwa simu. Palepale. Bahasha mia sita na kumi na mbili zipo kwenye jumla, ila hazina kundi.

Nikampigia Dada.

"Kompyuta yako imeharibika. Jumla inayazidi makundi kwa mia sita na kumi na mbili."

"Haijaharibika. Nisomee ulizo lako."

Nikamsomea. Gawa kwa pazia, hesabu pazia.

"Hesabu nini?"

"Pazia."

"Profesa. Bahasha ambayo haikuandikwa pazia, ina mapazia mangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna ni ngapi?"

Nilikuwa nimeshaona.

"Ulipaswa kuhesabu bahasha," akasema. "Bahasha ipo hata kama pazia halipo. Wewe umeipa kundi la watu mia sita, ukaiambia hesabu mapazia yao. Ikakujibu ulichouliza. Kwani haikukuonyesha mstari mtupu?"

"Ilionyesha. Niliufuta."

"Kwa nini uliufuta?"

"Ulikuwa haupendezi."

Nilibadilisha neno moja kwenye ulizo, nikabonyeza. Mstari usio na jina ukarudi, na mbele yake 612. Na bahasha zote hizo, kwa namba ya kabati, ziko kabati la sita.

Nilikimbilia chumbani kwa Mjomba bila kubisha hodi.

"Mjomba! Picha uliyopiga bila pazia, ulikuwa unaandika pazia gani?"

Alinitazama kama niliyeuliza maji yana mfupa upi. "Bila pazia ningeandika nini? Niliacha wazi."

"Ulikuwa unapiga wapi hizo?"

"Nyumbani kwao. Wagonjwa. Wazazi wenye watoto wachanga. Wazee wasioweza kutembea. Nilikuwa nabeba kamera kwa baiskeli, nakwenda, nawa..." Akakaa kitandani. Blanketi likaanguka. "Alikuwa mgonjwa," akasema. "Miguu ilikuwa imevimba. Tulimtoa uani kwenye kigoda, apate jua. Jua, wewe! Lilikuwa jua la uani!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nafikiria msumeno.

Sikumbuki nilivyofika kwa seremala. Viatu nilivikuta baadaye katikati ya njia. Kabati lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili na yeye amesimama juu yake, amelikanyaga kwa mguu mmoja, chaki sikioni, anapima.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Fundi, shuka, umemkanyaga mama wa mtu!"

Alishuka. Si kwa kunielewa, kwa kuniogopa.

Alizipasua droo kwa patasi, taratibu, moja baada ya nyingine. Bahasha zilikuwa zimejaa mpaka juu, zimelowa, zimegeuka kijivu. Droo mbili za chini negativu zilikuwa zimeshikana zikawa tofali. Nikachukua tofali moja nikajaribu kubandua kwa kucha.

"Acha!"

Mjomba alikuwa amesimama mvuani na blanketi mabegani. Mtu wa kutotoka kitandani siku kumi na kitu. "Ukizivuta zikiwa hivyo, unawachuna ngozi. Lete mabeseni yote. Maji safi, ya baridi. Na mtu asiniguse mkono."

Tukamwaga maji ya mvua kutoka kwenye yale mabeseni ya kuvuja, tukayajaza maji safi. Paa likavujia sakafuni, livuje. Mjomba akalaza tofali la kwanza majini, akasubiri, akalitikisa kama anayemwamsha mtoto. Kipande kimoja kikajitenga. Halafu kingine. Mama Cherehani akaja kuona kelele ni za nini. Alipoambiwa, akarudi dukani kwake akaleta kamba na vibanio vyote alivyokuwa navyo, akafunga kamba kutoka kwenye ngazi ya Ndege mpaka kwenye ukuta wa Maktaba.

Vingine vilitoka vyeupe tupu, picha imebaki majini kama ukoko wa uji. Kila kimoja cha namna hiyo Mjomba alikiinua kwenye mwanga, akakitazama, akakiweka pembeni bila kunitazama mimi. Angenitukana ningepumua.

Tarehe 11 Mei

Mabeseni. Kamba zimekuwa tatu.

Tarehe 13 Mei

Mjomba amepona, au amesahau kuumwa. Anasoma negativu mbichi kwa mwanga wa dirisha, na hizi hazina pazia la kumkumbusha, lakini anazo zote. "Mlango wa bati wenye tundu: mzee wa kengele. Kitanda cha chuma: yule aliyejifungua mapacha, akanifanya nimpige picha mara mbili, moja kwa kila mtoto, ili wasije wakagombana."

"Kwa hiyo hukuwa unahitaji pazia," nikamwambia.

"Pazia lilikuwa langu. Hizi nyumba zilikuwa zao. Ungesahau nyumba ya mtu aliyekukaribisha na huku anakufa?"

Kati ya bahasha mia sita na kumi na mbili, mia moja na zaidi hazikupona. Nimeandika hapa kama Dada alivyotaka, ili ijulikane niliharibu wapi.

Tarehe 17 Mei

Mchana, mvua imepumzika. Mjomba alikuwa ameshika mkanda wa picha tatu. Ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe mpaka katikati. Akafika ya tatu, akaacha kusogeza mkono.

"Kamwite," akaniambia.

"Nimwambie umempata?"

"Mwambie aje tu."

Niliikausha, nikaipitisha kwenye skana, nikaigeuza nyeusi iwe nyeupe. Kona moja imeliwa. Iliyobaki ni ua, kamba ya nguo, na mwanamke kwenye kigoda, miguu ameifunika kitambaa. Ameinua kiganja kukinga jua, lakini hakuwahi. Anacheka, amegeuza kichwa kidogo kama kuna mtu nje ya picha anayemchekesha. Jino moja la mbele limepanda mwenzake.

Mama Cherehani aliketi kwenye kigoda chake. Mjomba akaweka mkono kwenye kiti changu. Nilikuwa na maneno tayari, wiki nzima nayaandaa, ya kwamba Profesa akiahidi hutimiza hata akichelewa. Badala yake nikaikuza picha mpaka ikajaa skrini.

Mama Cherehani alitazama muda mrefu. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, akarudi nyuma. Akajigusa jino lake la mbele kwa ulimi. Niliona shavu linavyosogea.

"Kaka," akasema mwisho. "Alikuwa na umri gani hapa?"

"Ishirini na kitu. Na tatu, na nne."

"Mimi nilikuwa namtafuta mtu mzima," akasema. "Siku zote hizo mlizokuwa mnanipitishia picha, nilikuwa natafuta mama mwenye umri wangu. Kumbe angepita mbele yangu nisingemwona." Akaweka kidole kwenye skrini, chini ya kidevu cha yule mwanamke. "Huyu mtoto. Ningemzaa huyu."

Hakulia. Alimwangalia tu, na uso wake ukawa kama wa wale mama wanaosubiri langoni mwa shule.

"Anachekea nini?" akauliza.

"Wewe," Mjomba akasema. "Ulikuwa umevaa koti langu la wateja. Nilikuja nalo nikidhani baba yako atalihitaji. Lilikuwa linaburura chini, ukawa unatembea mbele yake kama hakimu. Nikamwambia atulie, akashindwa."

Mama Cherehani akafunika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko hicho ndicho kilekile kilichokuwa kwenye skrini.

Tarehe 20 Mei

Dada amepiga simu. Anataka lile kundi liandikwe jina, lisikae tupu. Nimemuuliza Mjomba. Amesema andika "Uani." Nimeandika.

Tarehe 28 Mei

Skana imerudi chuoni.

Tarehe 30 Mei

Mama Cherehani ameondoka leo. Cherehani ilitangulia juu ya gari la mizigo. Picha tuliyomsafishia alikataa kuiweka kwenye mkoba, alisema itajikunja. Nikamwambia niishike hadi stendi, mimi mikono yangu ni imara.

"Ulishawahi kumbeba mtoto?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Basi acha."

Akaifunga kwenye kitambaa safi, akaikumbatia kifuani, akatembea katikati ya mtaa akiruka madimbwi kwa uangalifu, na mimi nyuma yake na mabegi yote.